Dakika Tisa Hadi Osaka

Doto Lubango aliondoka nyumbani saa mbili asubuhi akiwa amemkasirikia pacha wake, na aliporudi saa nne kasoro dakika kumi alikuwa amekwisha kusahau kilichomkasirisha. Kulwa alikuwa bado palepale kwenye karo, sufuria ileile mkononi, na hasira yake ilikuwa bado ya moto. Aliendelea na sentensi aliyokuwa ameiacha katikati. Doto alisimama mlangoni na begi lake la kazi, akajitahidi kukumbuka. Tangu wagombane, yeye alikuwa amekula milo mitano, amelala mara mbili, amembembeleza mtoto mchanga wa watu kwa saa tatu, na amekwenda Japani na kurudi. Kulwa alikuwa ameosha vikombe.

"Samahani," Doto alisema. "Hivi ilikuwa ni kuhusu nini?"

Kulwa alitupa dodoki ndani ya maji. Hakuna kinachoudhi kama kugombana na mtu aliyepata zaidi ya siku nzima ya kupoa wakati wewe hujapata hata saa mbili.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi kwa miaka minne katika nyumba ya mama yao, Mama Nyanzobe, huku Bwiru, jijini Mwanza. Kulwa alikuwa fundi cherehani. Doto alikuwa mhudumu katika ndege za Shirika la Korongo, zile ndege za mkunjo zilizokwenda Osaka kwa dakika tisa.

Kutoka Mwanza hadi Osaka ni kilomita elfu kumi na moja na mia tatu hivi, ukipita juu moja kwa moja. Zamani mtu alibadili ndege mara mbili au tatu, akafika kesho yake miguu imevimba. Injini ya mkunjo iliondoa usumbufu huo, lakini kwa namna yake. Mhandisi mkuu alipowafundisha wahudumu wapya alichukua khanga, akaikunja, akawaonyesha jinsi pindo mbili zilivyokutana. Aliyeishika khanga, alisema, anaona safari imekwisha. Lakini sisimizi aliye juu ya kitambaa hajapunguziwa hata hatua moja. Doto alikuwa ameinua mkono na kuuliza sisimizi ni nani. Mhandisi alijibu kwamba sisimizi ni abiria, na pia ni yeye.

Kwa hiyo waliobaki uwanjani walihesabu dakika tisa, na waliokuwa ndani ya ndege walizikaa saa zote kumi na tatu. Walizikaa kweli: kwa njaa, kwa usingizi, kwa magoti kukakamaa. Tangazo la shirika barabarani lilikuwa na picha ya kikombe kinachofuka moshi, na maneno "Nenda Urudi, Chai Yako Haitapoa." Na kweli chai haikupoa. Aliyepoa alikuwa mnywaji.

Watu walizoea haraka, kama wanavyozoea kila kitu. Wanafunzi waliobanwa na mitihani walikata tiketi ya kwenda na kurudi, wakasoma saa ishirini na sita, wakashuka na kuingia chumba cha mtihani asubuhi ileile. Wachumba wawili walipanda wameshikana mikono, wakapungiwa na ndugu zao, na nusu saa baadaye simu ikapigwa kutoka Osaka kwamba warudishe turubai, harusi haipo. Wenye viwanda vya samaki pekee ndio waliodanganyika mwanzoni. Walipakia minofu ya sangara bila barafu, kwa kuwa safari ni dakika tisa tu, na mzigo ukafika ukiwa na harufu ambayo Wajapani waliikumbuka kwa muda mrefu. Samaki hasomi matangazo.

Doto alikwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa hesabu ya mwili wake, siku moja ya kazi ilikuwa na saa hamsini. Kwa hesabu ya shirika, ilikuwa na dakika kumi na nane. Baada ya safari elfu moja, karatasi ya utumishi wake ilionyesha kwamba amekaa angani saa mia tatu, na kwa kuwa kanuni ilitaka saa mia tano ndipo mtu apande cheo, bado alivaa kifuani kibandiko cha kijani kilichoandikwa MWANAFUNZI. Abiria waliokuwa wakimwona kila mwezi walianza kumpa moyo. Mzee mmoja alimwambia asikate tamaa, hata mjukuu wake alichelewa kufaulu.

Magoti yake yalijua zaidi ya karatasi. Kwa daftari alilojiandikia mwenyewe, zile safari elfu moja zilikuwa saa elfu ishirini na sita: miaka mitatu kasoro siku kumi na mbili. Pacha wake alikuwa na miaka ishirini na minane. Yeye, aliyezaliwa dakika saba baada ya Kulwa, alikuwa na thelathini na mmoja, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amemwambia hongera wala pole.

*

Mambo yalianza kuharibika Serikali ilipofungua Ofisi ya Umri. Ilitangazwa redioni kwamba kila mtu aliyefanya kazi ndani ya mkunjo anaweza kwenda kupimwa mfupa wa kiwiko na kuandikwa katika Daftari la Umri wa Mwili. Akishaandikwa, umri huo ndio utakaokuwa wake kisheria, na atapewa likizo ndefu ya kurudishia mwili saa zake. Daftari lingefungwa siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Doto alilisikia tangazo hilo akiwa anamenya viazi, akaacha kumenya. Mama yake alimtazama, akamwambia aende, anangoja nini.

Alikuwa hajajibu alipoingia Baba Mdogo Lusasa. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu baba yao, mfanyabiashara wa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki sangara, mtu wa kofia na fimbo ambayo hakuihitaji. Na yeye alikuwa amesikia redio. Alikaa, akapewa maji, akasema kuna jambo dogo tu la kuweka sawa kabla ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo, siku mbili baada ya daftari kufungwa, ndiyo siku ambayo watu wa Masalu, mwalimu wa hesabu kutoka Ukerewe, walikuwa wanakuja kukamilisha posa ya Kulwa. Kila kitu kilikuwa tayari. Lakini katika ukoo wa Lubango, Lusasa alikumbusha, tangu enzi za babu kuna mwiko: mdogo haolewi mkubwa akiwa bado yuko nyumbani. Hadi sasa mwiko haukuwa na shida, kwa sababu Kulwa alikuwa mkubwa. Doto akiandikwa miaka thelathini na mmoja, Kulwa atakuwa mdogo, na kwa miaka mitatu mizima.

"Shemeji," Mama Nyanzobe alisema, "hawa nimewazaa mimi. Kulwa ndiye aliyetangulia. Ndiyo maana anaitwa Kulwa."

Lusasa alijibu kwa upole kwamba jina halipingani na mfupa wa kiwiko. Sheria imesema umri ni wa mwili. Ukoo hauwezi kuwa na saa yake na Serikali ikawa na saa nyingine.

Wote walishangaa alivyolishikilia jambo hilo, maana Lusasa hakuwahi kujulikana kuwa mtu wa mila. Kulwa, ambaye gauni lake la harusi lilikuwa limebakiza pindo tu, alitoka nje bila kuaga. Doto alimfuata, akamwambia hataenda kupimwa. Alisema ni karatasi tu. Aliyasema hayo kwa sauti ya kikazi, ileile anayowaambia abiria kwamba hakuna tatizo lolote.

Kulwa alipaswa kushukuru na akashukuru. Lakini jioni ile, wakati wa kula, akamwona dada yake anakaa chini kwa awamu mbili, kwanza mkono kwenye kiti halafu mwili. Kwa miaka minne alikuwa akimwambia Doto kwamba kazi ya dakika tisa haiwezi kumchosha mtu. Alisema hivyo kila vyombo vilipotakiwa kuoshwa, na hata ule ugomvi wa kwenye karo ulikuwa umeanzia hapo. Ilimjia kwamba hajawahi kuziona hizo dakika tisa.

Kila mhudumu alikuwa na tiketi moja ya bure ya ndugu kwa mwaka. Kulwa alikuwa hajawahi kuitumia, kwa sababu alikuwa hana shida ya Osaka. Alimwambia Doto kwamba Jumanne atapanda naye, wakaongee huko bila mtu wa kuwaingilia, na saa nne awe amerudi kwenye pindo lake.

*

Kulwa alikwenda na mkoba mdogo, simu na peremende mbili. Doto alimwona anapita mlangoni na vitu hivyo, akaenda jikoni mwa ndege kumtengea sahani ya ziada. Abiria wazoefu walikuwa wanapanga mizigo yao: mwenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna, mwenye mkeka, mama mmoja na cherehani ya mkono, bwana mmoja na mito mitatu na kandambili za kuvaa akishavua viatu.

Injini ilipokunja, madirisha yote yalibadilika yakawa meupe kama maji ya mchele. Kulwa alitazama nje, akaipenda rangi ile kwa dakika kumi. Saa ya mwili iliyoning'inia mbele ya abiria ilianza kuhesabu.

Saa ya pili akauliza kama wamekaribia. Saa ya tatu alikuwa amemaliza peremende na amesoma kadi ya usalama mara nne, mara moja kwa Kijapani. Saa ya nne alisimama akatembea hadi nyuma na kurudi, akagundua kuwa hapo ndipo ulimwengu ulipoishia. Na kila alipoinua macho alimwona dada yake. Doto alikuwa anagawa chakula, anakusanya sahani, anasafisha choo, anamtafutia babu mmoja kiatu, anawaamulia ugomvi mama wa cherehani na jirani yake aliyetaka kulala. Halafu anaanza tena kugawa chakula. Watu walimwita kwa kengele, kwa mkono, kwa "wee dada". Aliitika wote.

Saa ya sita Kulwa aliona kofia anayoifahamu. Baba Mdogo Lusasa alikuwa amekaa kiti cha karibu na bawa, blanketi hadi kifuani, macho yakiwa yamefumbwa. Kwenye meza yake ndogo palikuwa na daftari la shule lenye mistari mingi ya kalamu, iliyofungwa mitano mitano.

Doto alikuwa amezoea kumwona. Kwa zaidi ya nusu mwaka Lusasa alipanda karibu kila siku ya kazi, na wote waliamini biashara ya mabondo imechanua. Siku hiyo alipozinduka alimwomba Doto amgongee muhuri wa ndege kwenye daftari, kwa kila safari, kwa ajili ya Ofisi ya Umri. Doto alifunua kurasa. Palikuwa na safari mia moja na kumi na mbili. Akamuuliza mabondo anamuuzia nani, kwa sababu, sasa alipofikiri, hakuwahi kumwona akivuka mlango wa forodha kule Osaka. Hushuka, hukaa kwenye benchi nusu saa, hunywa maji, kisha hupanda tena.

Lusasa alimwona Kulwa amesimama nyuma ya Doto, akajua hana pa kupitia. Alivua kofia.

"Kaka yangu Mzee Ngassa amenizidi miezi minne," alisema. "Miezi minne tu, mama zetu walikuwa wawili. Miaka sitini na mmoja kila kikao yeye anakalia kiti chenye mgongo, mimi kigoda. Yeye anasema, mimi naitikia. Imebaki safari moja baada ya hii, wanangu. Nikienda na kurudi mara moja zaidi, nimempita."

Ndivyo walivyoelewa kwa nini alikuwa ameukumbatia mwiko wa babu. Alihitaji ukoo ukubali kwanza, kwa watu wengine, kwamba mwili ndio unaohesabiwa. Doto na Kulwa ndio waliokuwa mtumbwi wa majaribio. Alikuwa amekaa siku mia moja na ishirini na moja ndani ya bomba jeupe ili azeeke, na wala hakuona haya kulisema hilo. Kilichomtia haya ni lile benchi la Osaka.

Doto alitaka kukasirika, lakini hakuweza vizuri. Na yeye alikuwa amepakuliwa chakula baada ya Kulwa maisha yake yote kwa sababu ya dakika saba. Aligonga mihuri yote mia moja na kumi na mbili, kwa kuwa saa zile zilikuwa za kweli, akaenda jikoni nyuma ya ndege. Kulwa akamfuata.

Huko nyuma palikuwa na kiti kimoja cha kukunjua. Doto alimpa Kulwa, yeye akakalia boksi la juisi. Walikuwa na saa saba mbele yao, na hapakuwa na mlango wa kutokea, kwa hiyo waliongea kama hawakuwahi kuongea tangu waanze kazi. Kulwa aliuliza ilikuwaje hawakujua. Doto alisema ni kwa sababu kila siku alirudi kabla hawajamkosa. Akasimulia siku aliyotimiza miaka thelathini kwa hesabu yake. Ilikuwa hapohapo, kati ya kugawa wali na kumfuta abiria aliyetapika. Nyumbani walikuwa wamemkatia keki ya ishirini na saba miezi mitano tu kabla ya hapo. Alijiimbia kidogo, kwa sauti ya chini, halafu kengele ikalia.

"Ulipaswa kusema," Kulwa alisema.

"Ningesema nini? Kwamba katika zile dakika tisa mlizokuwa mnachemsha maji, mimi nilizeeka?"

Kulwa alimwambia aende Alhamisi akapimwe. Doto alikataa. Walibishana hadi saa ya mwili ikaonyesha kumi. Doto alisema Masalu ni mtu mzuri, watu wa Ukerewe wameshakodi kivuko, na yeye miaka mitatu ameishi bila kuhesabiwa na hajafa. Kukaa kimya hakumgharimu kitu kipya. Kulwa alimtazama yale magoti, akatazama kile kibandiko cha kijani.

"Miaka yako mitatu si kitu cha kunipa mimi zawadi ya harusi," alisema. "Nitaivaa wapi? Posa ikikwama Jumamosi kwa sababu ya mwiko, nitalia, na Masalu atasubiri au hatasubiri, tutajua. Lakini nikiolewa kwa sababu wewe umejifuta, kila nikitazama picha za harusi nitamwona mtu aliyefutwa."

Doto alijibu kwamba ni rahisi kusema hayo saa ya kumi ya safari, kila mtu huwa mtakatifu saa ya kumi. Abiria wamemwahidi hapa kuacha pombe, kurudi kwa wake zao, kujenga misikiti na makanisa. Wakishuka wanasahau kabla ya mkanda wa mizigo. Kulwa akasema basi watarudi naye saa nyingine kumi na tatu, aone kama atabadilisha.

Hakubadilisha. Wakati wa kurudi alifunga aproni, akachukua upande mmoja wa kugawa chakula, na bwana wa mito mitatu akamwita "wee dada". Walitua Mwanza saa tatu na dakika kumi na tisa. Mama yao aliwakuta sebuleni wamelala kama magogo, mchana kweupe, akaenda kuwafunika.

*

Alhamisi walikwenda wote wawili Ofisi ya Umri. Karani, kijana mwenye tai nyembamba, aliuingiza mkono wa Doto ndani ya mashine, mashine ikanguruma kidogo, ikatoa karatasi. Karani aliisoma, akaisoma tena, akawaangalia mapacha wale waliofanana isipokuwa mistari miwili pembeni mwa mdomo wa mmoja wao. Aliandika thelathini na mmoja. Kisha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tisa na malezi mazuri, akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo," alisema.

Doto alichelewa kuitikia. Karani alidhani amemkosea. Kulwa ndiye aliyemgusa dada yake mgongoni, na Doto akasema marahaba, akaomba kalamu ya kuweka saini.

Kwenye foleni nyuma yao alikuwepo Baba Mdogo Lusasa, daftari kwapani. Safari yake ya mia moja na kumi na tatu ilikuwa imeingia jana yake.

Jumamosi turubai lilifungwa uani. Wageni walikuja ishirini na wawili kutoka Ukerewe, Masalu katikati yao na shati jipya lililomkaba shingo. Mzee Ngassa, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo, mtu mkimya mwenye macho ya kukosa usingizi. Mama Nyanzobe alikuwa amekwisha kuambiwa yote na wanawe, na akaamua kutosema neno mpaka atakapohitajika, jambo lililowatisha kuliko kama angesema.

Lusasa alisimama na kuomba ruhusa. Alizungumza vizuri. Alieleza mkunjo, mfupa, daftari la Serikali. Aliuonyesha ukoo karatasi ya Doto, halafu, kana kwamba ameikumbuka papo hapo, akatoa na yake: miaka sitini na mmoja, miezi tisa na siku mbili. Mzee Ngassa alikuwa na sitini na mmoja, miezi tisa na siku moja. Masalu, ambaye hakuweza kujizuia, alizipiga hesabu hizo kichwani na kusema ni sahihi. Shangazi yake akamkanyaga mguu.

Watu wote walimtazama Mzee Ngassa wakisubiri akasirike.

"Kwa hiyo wewe ndiye mkubwa," alisema.

Lusasa alikubali kwa unyenyekevu mkubwa.

"Na imeandikwa, haiwezi kufutika?"

Lusasa alithibitisha kwamba haiwezi. Hapo Mzee Ngassa alisimama kwa wepesi ambao hawakuuona kwake kwa miaka mingi. Alimwachia ndugu yake kiti, akatoa mfukoni simu kubwa ya zamani, ya laini mbili, akamwekea mkononi. Alisema hiyo ndiyo simu ya ukoo. Kesho kuna mazishi Kwimba, mkubwa ndiye anayetoa neno. Jumatatu kuna shauri la mpaka wa shamba na kanisa, lina miaka kumi na moja, nyaraka zake atamletea kwa mkokoteni. Binamu wawili wa Magu hawasemezani na kila mmoja hupiga simu kabla ya jua kuchomoza. Alikuwa amebeba mambo haya tangu kaka yao, baba wa mapacha, afariki, alisema, na alikuwa anaomba Mungu ampe mtu wa kumpokea. Kisha akaenda akakalia kigoda, akanyoosha miguu, akaomba soda.

Simu iliita. Lusasa aliitazama. Iliita tena kwenye laini ya pili.

Aliizima kwa shida, akajaribu kuendelea na jambo lililowakusanya. Alisema mwiko wa babu uko wazi, mdogo asubiri. Mzee Ngassa, kutoka kwenye kigoda, alimkumbusha kwa heshima zote kilichobaki cha mwiko huohuo. Wageni wa posa wakiambiwa wasubiri, husubiri kwa mkubwa wa ukoo, wakala na kulala kwake, hadi jibu lipatikane. Na ni kazi ya mkubwa kumtafutia mume yule aliyezuia njia.

Lusasa aliwahesabu wageni kwa macho. Nyumba yake ya Nyakato ilikuwa na vyumba viwili. Halafu akamwangalia Doto, kuona huyo wa kutafutiwa mume, na Doto akamwangalia yeye kwa yale macho aliyowatazamia abiria wanaokataa kufunga mkanda.

Alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana ana umri wake wote. Alifikiri kwa muda mrefu, maana sasa kila mtu alilazimika kumsubiri. Alipozungumza tena hakuwa anahutubia.

"Mwanangu Doto, wewe ndiye mkubwa hapa. Mkubwa haambiwi tu, huulizwa. Mdogo wako akitangulia, una kinyongo?"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumuuliza Doto jambo lolote katika kikao. Alisimama. Alikuwa amejiandaa kutetea, kubembeleza, hata kulia, na ikaonekana kwamba kinachotakiwa ni neno moja tu, na neno hilo lilikuwa lake kwa haki. Angeweza kusema ndiyo, ninacho. Alimtazama Kulwa, ambaye hakumsaidia hata kwa jicho.

"Sina," alisema. "Apite. Nimemruhusu."

"Mkubwa ameridhia," Lusasa alisema haraka, kabla simu haijaita tena. "Mdogo apite."

Vigelegele vilianza upande wa Ukerewe. Mama Nyanzobe alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kuuliza kama watu wanaweza sasa kula. Na Kulwa akavuka ua mzima mbele ya wageni, akafika kwa pacha wake aliyezaliwa dakika saba nyuma yake, akainama vizuri, magoti yote mawili, akamwamkia.

"Marahaba," Doto alisema. Safari hii hakuchelewa.

*

Likizo yake ilikuwa ya miezi kumi na minane. Shirika la Korongo lilimwandikia barua ya pole na kumkumbusha kwamba akirudi atakuwa na saa mia tatu, zimebaki mia mbili. Kulwa alihamia Ukerewe na cherehani yake. Baba Mdogo Lusasa alionekana mara kwa mara akipita barabarani haraka, simu sikioni, akiwa amesahau fimbo, na Mzee Ngassa alinenepa.

Jumatatu ya kwanza Doto aliamka, akavaa sare kwa mazoea, akaivua. Saa mbili na nusu ndege ilipaa juu ya mapaa ya Bwiru. Mama yake alikuwa amebandika maharage. Doto alivuta kigoda akakaa karibu na jiko la mkaa, akauliza yatachukua muda gani.

"Saa mbili," Mama Nyanzobe alisema. "Labda na nusu, haya ni ya zamani."

Doto alifunua kifuniko, akatazama, akafunika. Aliuliza kama anaweza kungoja nayo. Mama yake alimwambia maharage hayahitaji mtu, lakini akae kama anapenda. Ndege ilirudi, ikashuka upande wa ziwani. Maji yalipungua, wakaongeza mengine. Waliongea kidogo, wakanyamaza kidogo, jua likapanda ukutani. Yalipoiva, saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tano, na ile ya Doto mkononi, ambayo kila siku ya kazi ilirudi imetangulia, ilikuwa inasema hivyohivyo.